Mshauri amenikataza kupigana na mawazo yangu. Ni tiba au ni kujidanganya?

Mama Nuru
Hamjambo wenzangu. Nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa hapa Umoja. Mwaka jana niliamini ujumbe bandia nikamhesabia mtu 18,000 taslimu. Hasara nimeshailipa, lakini kuna kauli haijanitoka: "Wewe mjinga, utaibiwa tena." Huanza nikifungua kufuli asubuhi. Siku hizi mteja wa zaidi ya 5,000 namwambia sina pesa taslimu, namwelekeza kwa jirani.

Kanisani wananiambia niikemee. Nimekemea hadi koo limekauka. Mshauri nasaha naye anasema niseme tu, "Nina wazo linaloniambia mimi ni mjinga." Jamani, nimelipa pesa kwa hayo? Wiki mbili sasa na wazo bado lipo.

Nesi wa Zamu
Pole dada. Hiyo ni tiba ya kukubali na kujitoa (kukubali hofu ipo, kujitoa kwa unachokithamini), iliyoanzishwa miaka ya 1980 na Steven Hayes, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe alisumbuliwa na hofu za ghafla. Haikuahidi kwamba wazo litaondoka. Inakuachanisha nalo kidogo, ulione kama wazo badala ya habari ya kweli. Mwaka 1987 watafiti huko huko Marekani waliwaambia watu wasimwaze dubu mweupe. Wakamwaza, na waliporuhusiwa wakamwaza zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa. Kukemea kwako kumekwenda njia hiyo hiyo.

Na si mambo ya matajiri. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo ya wiki tano kwa msingi huo, yakajaribiwa Uganda kwa wanawake wakimbizi karibu 700 kutoka Sudan Kusini. Walikaa kwa vikundi wakisikiliza sauti zilizorekodiwa, wakiongozwa na watu wasio wataalamu. Matokeo yalitoka 2020: msongo wao ulipungua.

Dereva wa Thika Road
Mimi niliambiwa mawazo ni abiria na mimi ndiye dereva. Nikacheka, kwa sababu kwangu abiria msumbufu anashushwa Roysambu. Mshauri akaniuliza, "Na huyu asiyeshuka?" Hapo nikanyamaza. Nimewahi kubeba mlevi aliyenitukana kutoka mjini hadi Githurai. Mara moja tu niligeuka kumjibu, nikakaribia kugonga boda. Kelele zake hazikuwa na hatari, hatari ilikuwa shingo yangu kugeuka. Mama Nuru, wewe umesimamisha gari kabisa, unabishana naye, na wateja wanapanda la jirani.

Mzee wa Kayole
Nakubaliana nanyi nusu. Matapeli wapo! Asije akajiambia "ni wazo tu" akatoa pesa bila kuangalia salio.

Nesi wa Zamu
Mzee, hapo umesema. Kinachokubaliwa ni hofu, wizi haukubaliwi. Swali ni hili: nikilifuata wazo hili, linanipeleka ninakotaka? Kuangalia salio kunalinda kibanda. Kufukuza wateja kunakifunga. Mama Nuru, ulifungua kibanda kwa ajili ya nini? Anzia hapo. Na likifika mahali wazo linakuambia ujidhuru, usingoje siku ya miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama Nuru
Asanteni. La kujidhuru halipo. Kibanda ni karo ya Nuru, yuko sekondari.

Mama Nuru (siku nne baadaye)
Leo amekuja kijana anataka kutoa 12,000. Mdomo ulikuwa tayari kusema sina pesa taslimu. Mlevi wangu akaanza, "Mjinga wewe." Nikasema kimoyomoyo, haya, nina wazo. Nikaangalia salio, limeongezeka. Nikaangalia kitambulisho, nikaandika kwenye daftari, nikahesabu noti mara mbili huku vidole vinatetemeka, hata kijana akaniuliza kama naumwa. Mlevi hakunyamaza hadi nafunga. Dereva, wako alishuka wapi?

Dereva wa Thika Road
Bado yumo. Siku hizi analala viti vya nyuma, akiamka anatukana.