GPA 3.8 mlangoni: nani afundishe mawasiliano yasiyo na waya vyuoni kwetu?

Mnara wa Pili (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naliweka hili mezani nikijua litaniletea maneno.

Kijana ninayefanya naye kazi kaniletea tangazo la chuo kimoja cha umma. Anatafutwa mhadhiri msaidizi wa uhandisi wa mawasiliano, upande wa mawasiliano yasiyo na waya. Masharti ni yale yale tunayoyajua: shahada ya kwanza GPA (wastani wa maksi, kati ya 5) isiyopungua 3.8, ya uzamili isiyopungua 4.0. Uzoefu wa kazi haukutajwa hata kwa bahati mbaya.

Mimi nina 3.6. Daraja la pili la juu, si haba, lakini mlango unafungwa puani. Nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, uzamili nimeusomea jioni nikitoka kazini, na mwaka huu natimiza miaka kumi na saba kwenye minara. Wakati namaliza chuo, 3G ndiyo kwanza ilikuwa inatambaa mijini. Mwaka 2022 5G ikawashwa nchini, na mwaka huohuo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikapiga mnada masafa. Maksi zangu zilimpima kijana wa miaka ishirini na nne aliyekariri GSM, simu za kizazi cha pili. Huyo kijana hayupo tena, lakini namba yake bado inanisemea.

Niwape kisa kimoja. Tulikuwa na linki ya maikrowevu, yaani madishi mawili yanayotazamana na kupitisha simu hewani, inayovuka ziwa, kutoka Mwanza kwenda kisiwani. Kukiwa na upepo na mawimbi, linki safi. Ziwa likitulia kama kioo alfajiri, linki inakufa, kisiwa kizima hakina simu. Vijana watatu wenye GPA za kung'aa walibadilisha redio, wakabadilisha kebo, wakasafisha viunganishi, wakabadilisha redio tena. Mzee mmoja wa kazi akasimama ufukweni, akatazama maji, akasema: "Hiyo ni kioo, inaturudishia mawimbi yetu wenyewe." Tukafunga dishi la pili chini ya lile la kwanza. Tatizo likaisha.

Mzee yule ana stashahada. Haruhusiwi hata kuosha ubao wa chuo. Naomba kuwasilisha.

Kelele za Joto

Mkuu, kisa chako kitamu, na utamu huo ndio unaonitia wasiwasi.

Mimi ni mhadhiri, uzamivu wangu ni wa eneo hilihili. Kilichotokea ziwani kipo kwenye daftari la mwaka wa tatu. Wimbi moja linakwenda moja kwa moja, jingine linagonga maji na kuruka. Yakifika yakiwa yamepishana nusu mzunguko, yanauana. Maji yenye mawimbi hutawanya lile la pili, kwa hiyo linki inapona. Alfajiri hewa juu ya ziwa nayo hupindisha njia tofauti na mchana. Hapo hakuna uchawi wa mzee.

Swali langu ni dogo: mlijuaje dishi la pili likae mita ngapi chini ya la kwanza?

Mnara wa Pili

Dokta, sitadanganya. Tuliingiza umbali wa linki, urefu wa minara na masafa kwenye programu ya waliotuuzia redio, ikatoa namba. Mengine tukamalizia kwa mkono, huku mmoja anasoma mita.

Kelele za Joto

Asante kwa ukweli. Sasa hapo ndipo tunapoachana. Chuo kinatafuta mtu wa kumfundisha yule atakayeandika programu ile. Tukijaza idara watu wanaojua dishi liende wapi kwa sababu programu ya mwenye redio imesema, basi miaka hamsini tutanunua redio na programu pamoja, na siku ikikosea hatutajua imekosea wapi. Kufifia kwa mawimbi, takwimu zake, nadharia ya habari ya Shannon ya mwaka 1948, vyote hivyo huwezi kuviokota juu ya mnara, hata ukae kumi na saba mingine.

Mzee wa Analojia

Dokta kasema kweli, ila wale vijana watatu wenye GPA walilisoma daftari hilohilo la mwaka wa tatu. Walikuwa wapi?

Dada wa Maabara

Hapa nitasema kitu ambacho wengi wenu hamtakipenda.

Mimi ni mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja hapa Dar. Niliingia kwa GPA ya 4.1. Baba yangu ni dereva wa fuso. Sina shangazi wizarani, sina binamu kwenye baraza la chuo. Siku ya usaili wa mahojiano tulikuwa kumi na wawili, mwanamke mimi peke yangu. Mmoja wa waliotuhoji aliniuliza kama nikiolewa nitaendelea kupanda ngazi za minara. Nikajibu kwamba nitapanda na mume ashike ngazi. Walicheka, lakini kilichonipa kazi si kichekesho. Kwenye karatasi namba yangu ilikuwa juu, na hakuna aliyeweza kuishusha.

GPA haina mjomba. Kaka Mnara, ukiandika kwenye tangazo "au uzoefu unaotosha", nani atasema unatosha? Kwa nchi hii ninayoijua mimi, mlango huo wataupita watoto wa wakubwa waliokaa kampuni ya simu miaka mitatu wakigawa laini. Mafundi kama wewe mtabaki palepale mlipo, na sisi watoto wa madereva mtatutoa na sisi.

Na mimi pia najua GPA inadanganya. Ninao wanafunzi wenye 4.5 ambao ukiwapa antena hawajui ielekee upande gani. Bado ni namba isiyotiwa mkono na mtu.

Pesa Kwanza

Mnagombania mlango, kwani ndani kuna nini? Mwenye uzamivu mzuri wa 5G leo anachukuliwa na kampuni kabla hajavua joho. Mradi wa HEET wa kuinua elimu ya juu, wa dola milioni 425, unasomesha wahadhiri kwa wingi, jambo jema. Niambieni wakirudi watakaa miaka mingapi.

Mkenya wa Juja

Hamjambo majirani. Huku kwetu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo mwaka 2014, kwamba mhadhiri awe na PhD, na walio na uzamili wakapewa miaka kadhaa wamalize. Nia ilikuwa nzuri. Lakini kwa uhandisi wenye PhD ni wachache, kwa hivyo idara ikipoteza mmoja, kozi nzima ya antena inarudi kwa mwalimu wa muda. Na mwalimu wa muda analipwa lini, hilo tuachie Mungu.

Mimi niko katikati. Mtu wa kusimamia tasnifu lazima awe ameandika yake. Lakini kozi ya kupanga mtandao wa simu? Nipe yule wa minara. Shida ya vigezo vyetu ni kuwa vinawapima hawa wawili kwa rula moja.

Msukuma wa Kista

Wadau, salamu kutoka Sweden, leo ni nyuzi sifuri na tunasema hali ya hewa nzuri.

Nichangie nilichokiona huku. Kwanza, Kelele za Joto yuko sahihi kuhusu nadharia, na mfano wake bora hautoki chuo kikubwa cha Marekani. Erdal Arıkan alipata uzamivu MIT, na mwaka 1987 akaenda kufundisha Bilkent, Ankara, chuo kilichokuwa kichanga kabisa. Akakaa na tatizo lake. Matokeo, yaani misimbo ya pola, namna ya kusahihisha makosa ya mawasiliano, yakachapishwa kwa ukamilifu mwaka 2009. Mwaka 2016 yakachaguliwa kwa njia za udhibiti za 5G, zinazobeba maagizo kati ya simu na mnara. Simu yako ikiongea na mnara wa 5G, kazi ya mwalimu yule imo ndani. Zaidi ya miaka ishirini! Hapo kwetu, mtu anayehesabiwa machapisho kila akitaka kupanda cheo, angevumiliwa?

Pili, namna wanavyoajiri. Sheria ya huku inataka uwezo wa kufundisha upimwe kwa umakini uleule wa utafiti. Maombi yanapelekwa kwa wataalamu wa nje ya chuo, wanaandika maoni yao kwa kila mwombaji. Halafu mnaitwa kutoa mhadhara wa majaribio. Na maoni yale ni nyaraka za umma. Aliyeshindwa anaweza kuomba akasoma kwa nini aliyeshinda ameshinda. Dada wa Maabara, mjomba anapata tabu sana kwenye karatasi ambayo kila mtu anaweza kuiomba.

Tatu, wana cheo cha profesa ambaye kazi yake kuu iko kampuni, chuoni anakuja kwa sehemu ndogo ya muda, kwa mkataba wenye ukomo. Haingii kwenye foleni ya watafiti, na hawamwiti mwalimu wa muda wa kulipwa kwa saa. Ana ofisi na jina lake limeandikwa mlangoni.

Mzee wa Analojia

Arıkan ana PhD ya MIT. Mfano wako unamsaidia Dokta, haumsaidii mtu wa minara.

Msukuma wa Kista

Mzee shikamoo. Unamsaidia Dokta kwenye swali la nani atafiti. Mleta mada ameuliza nani afundishe. Huku hayo wameyatenga, ndiyo maana hawagombani sana. Wanagombana kuhusu maegesho.

Kelele za Joto

Mhadhara wa majaribio naukubali kwa mikono miwili. Nimekaa upande wa pili wa meza kwenye usaili, nawaambia nilichokiona. Mwombaji mmoja alikuwa na vyeti vya kujaza begi. Tukampa chaki, tukamwomba aeleze kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa nini redio ya FM inafifia gari likisimama kwenye taa, halafu inarudi likisogea nusu mita. Akaanza kuandika milinganyo. Akajaza ubao. Akafuta, akajaza tena. Dakika ishirini hakutaja gari. Tulimchukua, kwa sababu fomu ya alama ilikuwa na nafasi kubwa ya vyeti na kanafasi kadogo ka ufundishaji. Nami nilisaini fomu ile.

Lakini Msukuma, huko kwenu wataalamu wa nje wanapatikana kwa wingi. Hapa, wanaoweza kumpima mtu wa nadharia ya habari ni wachache, tunajuana sote, tumefundishana na kusimamiana. Ukisema "mtaalamu wa nje", mara nyingi ni mwalimu wangu wa zamani.

Mkenya wa Juja

Si mtuletee sisi? Nasi tuwaletee wetu. Lugha ni moja, minara ni ileile.

Dada wa Maabara

Hilo la Mkenya lichukueni kwa uzito, msilipite.

Nami nilegeze kidogo. Kama maoni ya wapimaji yatawekwa wazi, na mhadhara wa majaribio utatolewa mbele ya wanafunzi, si mbele ya maprofesa watano wenye chai, nitaunga mkono mlango wa pili kwa watu wa kazi. Uwe wa kozi za vitendo, uwe wa mkataba, na mishahara yake isikatwe kwenye nafasi zetu. Mlango wa kwanza, wa 3.8, uacheni hivyo hivyo mpaka mnionyeshe kitu kingine kisicho na mjomba.

Sasa kaka Mnara, tuache nadharia. Maabara yetu ina spektramu analaiza (mashine ya kuonyesha mawimbi ya redio) moja, wanafunzi ni sitini. Wa safu ya nyuma huona visigino vya wa safu ya mbele. Mwaka jana nilijichangisha nikanunua vidude vitano vya redio ya programu, vile vya kuchomeka kwenye USB. Tunafungua laptop, tunaona stesheni za FM zimesimama kama milima kati ya megahezi 88 na 108. Tukipanda hadi 1090 tunazikamata ndege zinazoshuka uwanjani zikitangaza urefu zilipo. Mara ya kwanza walipoona namba ya ndege kwenye skrini, halafu wakaisikia juu ya paa, darasa zima lilikimbilia dirishani.

Kupokea nawafundisha. Kupanga linki sijawahi kufanya kwa mikono yangu, nimesoma tu. Alhamisi saa mbili asubuhi nina kipindi cha maikrowevu. Njoo uwaeleze lile ziwa. Dokta naye aje, akae nyuma, akuulize lile swali la mita ngapi mbele yao.

Kelele za Joto

Nitakuja. Na nitauliza.

Mnara wa Pili

Alhamisi niko zamu, ila nitabadilishana na mwenzangu. Nitakuja na dishi dogo bovu, walishike.

Dada, pale getini walinzi wenu huuliza sana. Nikifika niseme mimi ni nani?

Dada wa Maabara

Kuna daftari lenye safu tatu: mfanyakazi, mwanafunzi, mgeni. Andika mgeni.