Mlioambiwa mjitayarishe kabla ya operesheni ya saratani, tupeane uzoefu

BintiMtongwe: Salaam wapendwa. Dadangu mkubwa ana saratani ya utumbo, operesheni ni baada ya wiki nne. Nilidhani atarudi nyumbani apumzike. Kumbe kapewa kazi: atembee kila siku, avute kile kidude cha mipira mitatu cha kuzoeza mapafu, ale protini. Amenuna, asema, "Mgonjwa ni mimi au mimi ni farasi?" Mliopitia, ilikuwaje?

MkeWaBaharia: Hiyo ya farasi imenichekesha, kisha ikanirudisha mbali. Mimi pia ni utumbo mpana, mwaka jana. Kwanza nilitembezwa dakika sita kwenye korido ya hospitali, koni huku na koni kule, nesi kashika saa. Mita 310. Niliona haya kama mtoto aliyefeli mtihani. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akaniambia operesheni huuchosha mwili kama safari ndefu, kwa hivyo niweke akiba mapema. Nitembee nusu saa, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini nisiweze kuimba.

Nikachagua njia ya feri, maana nakaa Likoni na wa miguu halipi. Navuka, napanda ule mlima wa upande wa kisiwani, naenda mpaka kwenye mibuyu ya Mama Ngina, narudi. Wiki ya pili, katikati ya kupanda, miguu ikakataa. Mwajua pale saa moja asubuhi kulivyo, watu kama siafu, mkokoteni uko mgongoni, "Kando mama, kando!" Nikashika vyuma vya pembeni, jasho la baridi lanitoka. Damu ilikuwa imeshuka mpaka 8 na mimi sijui.

Hapo akatokea jirani. Mtaani sikuwa nimemwambia mtu. Akanitazama juu mpaka chini. "Shoga! Umekonda ukapendeza! Hebu nipe siri." Nikamwambia natembea tu, na wali nimepunguza. Akanishika mkono, tukapanda naye polepole akinieleza kitambi chake mpaka juu. Kesho yake alfajiri huyo, hodi hodi, kavaa raba. Tukatembea naye kila siku. Hospitali wakanitundikia dripu ya madini ya chuma, mara ya mwisho kwenye koni nikafika mita 365. Nilipasuliwa yeye akijua nimekwenda Malindi kwa ndugu zangu.

Chapati_Mbili: Subhanallah. Na mpaka leo hajui??

MkeWaBaharia: Hajui. Anilaumu nilikaa sana Malindi.

Mzee wa Tononoka: Mwambie, bi. Mtu kakupandisha mlima.

Chapati_Mbili: Asimwambie! Mitaa yetu mwaijua, kabla ya adhuhuri ashazikwa.

Mzee wa Tononoka: Mwafanya saratani kuwa aibu nyinyi wenyewe.

Chapati_Mbili: Ami, kwa heshima zote, wewe hujawahi kuulizwa na mtu dukani kama "ile kitu" yaambukiza.

KijanaChangamwe: Turudi kwenye mada. Mimi ni pafu. Niliambiwa sigara na muguka niache siku hiyo hiyo, si kupunguza. Wiki ya kwanza nilikuwa nagombana hata na paka. Kile kidude nikikivuta nje barazani, unajua kina mrija. Askari wawili wakapita: "Kijana, shisha ilipigwa marufuku tangu 2017." Nikavuta mbele yao, mipira miwili ikapanda. Mmoja akaomba ajaribu.

BintiMtongwe: 😂😂 Ukampa?

KijanaChangamwe: Nimpe kitu nilichotilia mate? Hata yeye alijuta kuomba.

Nuru_K: Kwani si kweli kwamba ukikimbia-kimbia damu yazunguka na saratani yasambaa? Shangazi alituambia asitikisike.

NesiMstaafu: Hapana mwanangu. Kutembea hakusambazi saratani. Kulala tu ndiko kunakomaliza misuli, na mtu dhaifu hupata shida zaidi baada ya kupasuliwa, kifua hasa. Mwenye sukari aishushe kabla, kidonda kipate kupona. Na mnaokunywa mitishamba, semeni kwa daktari! Mingine yazuia damu kuganda.

Nuru_K: Mlonge umewakosea nini?

NesiMstaafu: Nimesema mseme, sikusema mtupe.

Bamburi_Baba: Protini ndiyo ilitugombanisha nyumbani. Mke wangu ana kilo 58, wakasema gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, yaani kama 70 mpaka 87 kwa siku. Yai lina kama 6. Nikapiga hesabu nikarudi na trei tatu. Akaniuliza kama nimeoa kuku. Tukamalizia kwa mbaazi, kunde, samaki wa kupaka na mtindi jioni.

Mwana wa Kisauni: Mnacheka, sawa. Babangu alikuwa na saratani ya umio, maji yenyewe yalipita kwa shida. Ukimwambia mtu huyo "kula vizuri" ni kumtukana. Tulimsagia maharagwe, tukayachuja kwa kitambaa, mwisho akawekewa mrija wa tumboni. Operesheni ikaahirishwa mara mbili kwa kukosa kitanda cha chumba cha mahututi, wiki nne zikawa tisa. Alitembea uani kila jioni, duru ishirini, akihesabu kwa tasbihi. Nimonia ikampata vilevile. Alipona, lakini msiahidi watu miujiza.

MkeWaBaharia: Pole sana kaka. Ni kweli. Mimi pia kidonda kilichelewa kufunga.

Mzee wa Tononoka: Duru ishirini kwa tasbihi. Mungu amzidishie.

BintiMtongwe: Dada nimemsomea zote. Ya jirani kairudia mara mbili. Amesema atatembea, ila si njia ya feri. Sasa, kuna mwenye kile kidude cha mipira na hakitumii atuazime?

NesiMstaafu: Hakiazimwi hicho, ni cha mdomo. Kila mtu na chake.

KijanaChangamwe: Kamuulize yule askari.