Naomba ushauri: mchezo wa kadi kwa wajawazito wenye kisukari cha mimba

Habari zenu wapendwa. Mimi ni muuguzi kliniki ya wajawazito, huku Mbagala. Wenye kisukari cha mimba, ambacho mara nyingi hugundulika kati ya wiki ya 24 na 28, tunawaeleza habari za chakula haraka haraka kwa sababu ya foleni. Wanaitikia "sawa dada", wakirudi, sukari saa moja baada ya kula bado inapita 7.8 mmol/L, kikomo tunachotaka wasivuke.

Nimetengeneza mchezo. Nimekata maboksi nikabandika picha za vyakula vyetu: dona, chapati, maharage, dagaa, matembele, juisi ya miwa. Mama anapewa sahani niliyoichora mistari, nusu mboga za majani, robo wanga, robo protini. Anapanga mlo, wenzake wanamkosoa. Juzi mmoja alijaza wali, kisha akaweka viazi upande wa mboga. Jirani yake akamwambia, "Shoga, viazi navyo wanga." Aliishika ile kadi muda mrefu. Kwao mchuzi wa viazi ndiyo mboga ya wali, karibu kila siku! Nilimwonea huruma sana.

Nilipokwama ni kwenye alama. Nikiweka mshindi, naogopa anayekosea ataona analaumiwa, wakati wengine wanapikiwa na mama mkwe na hawana sauti jikoni. Halafu wapo wanaokula sinia moja na familia. Hiyo robo wataipimaje?

Waliowahi kufundisha kwa michezo, mlifanyaje? Na je, niwaite pia waume na hao mama wakwe wacheze?