Eti "Si wahamie mjini tu?" Huyu mtu ametutukana sisi sote tunaoipenda tamthilia ya madaktari wa angani

Ndugu wanajamvi, naandika uzi huu mikono ikiwa bado inatetemeka, na sitasubiri hasira ipoe, kwa sababu ikipoa nitashawishika kumsamehe mtu asiyestahili msamaha. Jina lake silitaji. Sina haja ya kulitaja, maana nyote mnamjua: ndiye yule ambaye hakuna uzi wa tamthilia unaopita bila yeye kuingia na viatu vyenye matope, na ndiye ambaye jana usiku, tukiwa tunazungumza kwa amani kabisa kuhusu The Flying Doctors, tamthilia ya madaktari wa angani wa Australia, wale wanaopanda ndege kuwafuata wagonjwa wanaoishi mbali na hospitali, ile ya mji wa Coopers Crossing iliyoanza kama mfululizo kamili mwaka 1986, aliingia akaandika maneno manne: "Si wahamie mjini tu?" Kisha akaweka vikaragosi vitatu vinavyocheka hadi kutoa machozi.

Si wahamie mjini tu! Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimekaa, nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaishika simu mbali na macho ili nione kama ubaya wake ungepungua kwa umbali. Haukupungua. Mishipa ya shingo imenisimama kiasi kwamba kola ya shati imekataa kufungika.

Ningependa maneno hayo akamwambie Jimmy Darcy, yule mchunga ng'ombe aliyeumia vibaya mwaka 1917 karibu na Halls Creek, Australia Magharibi, mahali ambapo hapakuwa na daktari hata mmoja. Mkuu wa posta, Fred Tuckett, ndiye aliyempasua kibofu kwa kisu cha mfukoni na wembe, huku akifuata maelekezo ya Daktari Holland aliyekuwa Perth, maelekezo yaliyokuja kwa nukta na vistari vya telegrafu. Daktari mwenyewe alifunga safari kwa meli ya kubebea ng'ombe, akaendelea kwa gari, akamalizia kwa miguu, na alipofika akakuta Darcy amefariki siku moja kabla. Mtu amelala mezani kwa mkuu wa posta, kibofu kimepasuliwa kwa kisu cha kumenyea matunda, halafu huyu bwana anamshauri ahamie mjini! Angehamia kwa usafiri gani?

Na asidhani kwamba ile ndege ni ndoto ya waandishi wa televisheni. Mchungaji John Flynn aliihangaikia kwa miaka, tangu kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, Clifford Peel, alipomwandikia barua mwaka 1917 akimweleza jinsi ndege zingeweza kuwafikisha madaktari maeneo ya mbali ya ndani ya nchi, kabla ya Peel mwenyewe kufa vitani mwaka 1918 bila kuiona kazi hiyo ikianza. Tarehe 17 Mei 1928 ndege iliyoitwa Victory, iliyokodiwa kutoka kampuni ya ndege ya Qantas, iliruka kutoka Cloncurry kwenda Julia Creek ikiwa na Daktari Kenyon St Vincent Welch na rubani Arthur Affleck. Mwaka uliofuata Alfred Traeger akawapa watu wa maranchini redio iliyopata umeme kwa kukanyagwa pedali, ili mama mwenye mtoto mgonjwa apate wa kumwita. Sura ya Flynn imechapishwa kwenye noti ya dola 20 ya Australia, na hakuwekwa pale kwa sababu aliwaambia wagonjwa wahamie mjini.

Lakini tuiache historia, turudi kwenye yale maneno manne, kwa sababu ndiyo yaliyoninyima usingizi. Sisi tulikuwa tunazungumzia ule muda wa kusubiri, yaani pale redio inapoita, sauti ya mtu aliye mbali inakatikakatika, daktari anaanza kuuliza maswali ambayo hakuna anayeweza kuyajibu bila kulia, na kule nje rubani Sam ameshaanza kukagua ndege. Tamthilia nzima imejengwa juu ya muda huo. Kwa misimu yote inamwambia mtazamaji kwamba mama aliye kilomita mia nne kutoka hospitalini anauguliwa na mtoto sawasawa na mama aliye mtaa wa pili, na kwamba lazima mtu amwendee. Mtu mwenye moyo anaitazama sehemu ya aina hiyo akaona huruma. Yeye aliona nafasi ya kuchekesha.

Na vile vikaragosi vitatu! Kimoja kingetosha kunikasirisha. Viwili vingenitosha kwa mwaka mzima. Vitatu ni tamko la vita.

Ninachotaka ni kwamba arudi kwenye ule uzi, afute maneno yake, kisha aandike kwa herufi kamili kwamba amekosea. Nipo hapa nasubiri.

Mtazamaji wa Siku Nyingi aliandika:

Mleta uzi, nakuunga mkono kwa asilimia zote, na nashangaa umemwandikia kwa upole kiasi hicho. Huyo mtu hajawahi kujiuliza ng'ombe wanakaa wapi. Huko Australia Kusini kuna ranchi ya Anna Creek, ambayo peke yake ni kubwa kama nchi ndogo, na wanaoifanyia kazi wanaishi humohumo pamoja na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hawachungwi kwa barua. Wakihamia mjini wote kama anavyotaka, nani atabaki na mifugo? Au ng'ombe nao watahamishiwa kwenye ghorofa ya tano?

Kipimajoto aliandika:

Mimi nimesoma malalamiko haya hadi mwisho na nimechoka kama niliyetembea na Daktari Holland. Ndugu mleta uzi, Coopers Crossing ni mji wa kubuni. Haupo. Umekosa usingizi ukiwatetea wakazi wa mji usiokuwepo dhidi ya mtu aliyeandika maneno manne, nawe umemjibu kwa maneno mia kadhaa. Ukubwa wa jeshi uliloleta haufanani kabisa na ukubwa wa adui.

Mleta uzi alijibu:

Kipimajoto, jina ni la kubuni lakini mtaa unaouona kwenye picha ni wa kweli: tamthilia ilipigwa picha Minyip, mji mdogo wa Victoria, na majengo yale yana wenyewe. Pia wagonjwa wa aina ile wapo, na huduma ya madaktari wale bado inaruka hadi leo. Kwa hiyo tusitoke nje ya mada. Mada ni "Si wahamie mjini tu?"

Muuguzi wa Zamu aliandika:

Kwa kuwa uzi wa malalamiko umeshafunguliwa, naomba nami nitoe langu, ambalo ni zito kuliko hilo. Mimi naumizwa na jinsi tamthilia za madaktari, hii ikiwemo pamoja na ndugu zake wote, zinavyoonyesha kufufua moyo. Mwigizaji anakunja viwiko na kumgusagusa mgonjwa kifuani kama anayejaribu godoro dukani, na baada ya nusu dakika mgonjwa anafumbua macho, anataja jina la mkewe na kuomba maji. Moyo unakandamizwa kwa mikono iliyonyooka, kwa nguvu na kwa kasi, na kazi hiyo inamtoa mtu jasho. Kisha mstari wa mapigo ya moyo kwenye skrini unakuwa mnyoofu kabisa, nao wanakimbilia mashine ya kushtua moyo! Moyo uliosimama kabisa kwa namna hiyo haushtuliwi kwa umeme. Unakandamizwa na kupewa dawa. Hilo ndilo la kukosesha watu usingizi, kwa sababu kuna mtazamaji ambaye siku moja atafanya kama alivyoona.

Mtazamaji wa Siku Nyingi aliandika:

Dada Muuguzi, hapo umesema kweli, lakini tuwape haki yao kwenye lile sanduku la dawa. Hilo ni jambo halisi kabisa: tangu miaka ya 1940 maranchi yalipewa masanduku ambayo kila dawa ina namba yake, na baadaye ukaongezwa mchoro wa mwili uliogawanywa kwa namba, ili mtu wa redioni aseme anaumwa sehemu namba fulani na daktari amjibu ampe dawa namba fulani. Ni utaratibu wa akili nyingi sana, na ningependa tamthilia ingeutumia mara nyingi zaidi badala ya kumpeleka daktari mwenyewe kila mtu anapojikwaa.

Mama wa Jioni aliandika:

Langu mimi ni mapenzi. Sipingi madaktari kupendana, maana nao ni watu, lakini kuna wakati na mahali. Mgonjwa amelala kwenye machela, jua linamchoma, ndege imewashwa, nao wawili wamesimama kando wakiulizana nani alimwangalia nani vibaya kwenye baa ya Vic Buckley. Mbebeni mtu kwanza! Nimewahi kuipigia kelele televisheni hadi watoto wakaamka.

Kipimajoto aliandika:

Mama wa Jioni, bila mapenzi hayo tamthilia ingekuwa ratiba ya safari za ndege tu.

Mchambuzi wa Usiku aliandika:

Naona watu wanalalamikia viwiko na mapenzi, huku jambo kubwa kuliko yote likipitwa. Katika nchi ile, wanaoishi mbali zaidi na hospitali ni pamoja na jamii nyingi za wenyeji wa asili, watu waliokuwepo pale kwa maelfu mengi ya miaka kabla ya mtu yeyote kufikiria ndege. Je, katika mfululizo ule wa zamani walipewa nafasi waliyostahili? Mimi nasema hawakupewa. Madaktari, rubani, mwenye baa, hata fundi Emma mwenye gereji, wote tunawajua kwa majina na tabia zao, ila wenyeji walikuwa wanapita tu pembeni. Ndiyo maana niliipokea vizuri tamthilia mpya ya mwaka 2021 inayohusu kituo cha Broken Hill, ambamo Rob Collins, mwigizaji mwenye asili ya Tiwi, yaani wenyeji wa asili wa visiwa vya kaskazini mwa nchi ile, ni mmoja wa waigizaji wakuu. Na nikiri kwamba hoja hii inamhusu pia yule mtu wa maneno manne, kwa sababu kumwambia mwenyeji wa asili ahame kwenye ardhi yake ili apate daktari ni jambo baya kupita hata mleta uzi alivyolieleza.

Mleta uzi alijibu:

Mchambuzi, asante sana. Hiyo ndiyo hoja! Naomba wote turudi hapo. Yeye hadi sasa hajafuta, na nimeona alikuwa mtandaoni dakika chache zilizopita. Ameuona uzi huu na ameupita. Vikaragosi bado vipo vyote vitatu.

Mpenda Ndege aliandika:

Mimi lalamiko langu ni kutua usiku. Kwenye tamthilia ndege inashuka gizani kana kwamba njia ile ya vumbi ilikuwa inaisubiri yenyewe, wakati katika hali halisi watu wa ranchini wanatoka na magari, wanaipitia njia yote kuwafukuza kangaruu na ng'ombe, kisha wanapanga taa au makopo yenye moto pande zote mbili ili rubani aone mwanzo na mwisho wa njia. Kazi hiyo yenyewe inatosha kuwa sehemu nzima ya tamthilia. Jambo la pili ni kelele. Ile ndege ya Coopers Crossing ni Nomad, ndege ya injini mbili yenye mabawa juu, iliyotengenezwa hukohuko Australia. Humo ndani watu wananong'ona! Daktari Chris Randall anamfariji mgonjwa kwa sauti ya chumba cha kulala, na mgonjwa anasikia kila neno.

Muuguzi wa Zamu aliandika:

Mpenda Ndege, wagonjwa hawawezi kupigiwa kelele. Ukiinama karibu na sikio mgonjwa anakusikia.

Mpenda Ndege aliandika:

Dada, hata ukiinama. Ndege ambazo huduma yenyewe inazitumia sasa, kama Pilatus PC-12 na King Air, zina chumba chenye hewa iliyoshindiliwa na kilichozibwa vizuri, hivyo humo naweza kukubali mazungumzo ya sauti ya chini. Nomad haina chumba cha namna hiyo. Ukitaka kuzungumza humo, unavaa vifaa vya masikioni au unapaza sauti.

Mama wa Jioni aliandika:

Kumbe ndiyo maana ule ugomvi wa mapenzi wanaufanyia nje, kando ya machela.

Kipimajoto aliandika:

Hapo sasa nimeelewa tamthilia nzima. Mpenda Ndege, nijibu na hili basi, maana ndilo lililonileta kwenye jukwaa hili tangu zamani: kama injini zote mbili zinanguruma na rubani Sam amekaa mbele akitazama njia, anamsikiaje mgonjwa aliyelala nyuma akiomba maji kwa kunong'ona?

Mpenda Ndege aliandika:

Hamsikii. Muuguzi ndiye anayemsikia na kumwambia. Nitafutie sehemu yoyote ambayo Sam aligeuka mwenyewe bila kuambiwa, nami nitakubali kwamba waliipiga picha ile ndege ikiwa chini na injini zimezimwa.