Nimelipia siri, kumbe chumbani kwa mwanasaikolojia kuna mtu mwingine anasikiliza

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, mnivumilie uzi ni mrefu na haujapangika.

Mwezi wa kwanza mwaka 2024 nilijifungua mtoto wa kike akiwa ameshafariki, mimba ya miezi 8. Mume wangu na kaka yake ndo walienda kuzika, asubuhi, mi bado niko wodini maziwa yanatoka. Niliporudi nyumbani hapakua na msiba, hakuna mkeka, hakuna watu, kila anayekuja ananiambia pole mwaya utapata mwingine, hafu anabadilisha mada. Kufika mwezi wa 3 nlikua silali kabisa, nashika chaki ubaoni nasahau nlikua nafundisha nini.

Hospitali niliogopa kwenda. Mnajua wenyewe huku mtaani mtu akikuona kwenye benchi la kliniki ya akili basi midomoni mwao ushapelekwa Mirembe, na mi ni mwalimu, wazazi wote wananijua. Rafiki yangu akanitumia tangazo la hawa wa tiba ya mtandaoni (jina siliweki kwanza, bado nawadai). Sesheni moja elfu 60, ukilipia 6 kwa pamoja laki 3 na 30. Nikalipa zote kwa simu, hela yangu ya mchezo niliyokua nimeipokea wiki ile. Kwenye tangazo wameandika kwa herufi kubwa USIRI ASILIMIA 100 na mimi hicho ndo nilichonunua, sikununua kingine.

Sasa sikilizeni nlivyokua nafanya mimi ili hiyo siri iwepo. Nyumbani tuna vyumba 2, mama mkwe analala sebuleni, ukuta ukikohoa upande huu upande wa pili wanakwambia pole. Kwa hiyo kila Jumatatu saa 11 jioni nlikua nachukua Passo ya mume wangu naipaki nyuma ya uwanja wa shule, napandisha vioo vyote, nafunga milango, simu naiegemeza kwenye usukani. Ilikua masika, mvua ya mwezi wa 4 mnaikumbuka ilivyokua, inapiga bati la gari mpaka naziba sikio moja ndo nisikie, vioo vinajaa ukungu, jasho linatiririka na AC siwashi maana mafuta. Dakika 50 hivyo hivyo. Siku moja mlinzi alikuja kugonga kioo akidhani nimezidiwa humo ndani. Nlikua nalia tu.

Yule mwanasaikolojia ndo anatakiwa kuwa na ofisi. Yeye ndo amesomea.

Kabla hatujaanza walinitumia fomu ya maswali 9 ya kupima sonona, ile PHQ-9, kila swali unajipa 0 mpaka 3 jumla inafika 27. Mi nilipata 19. Swali la mwisho linauliza kama ndani ya wiki 2 umewaza bora ufe au ujidhuru. Nikaweka 1, maana yake siku kadhaa. Niliiangalia ile namba muda mrefu kabla sijabonyeza kutuma, kwa sababu hakuna mtu yeyote nlikua nimeshamwambia hicho kitu, hata mume wangu. Sesheni ya kwanza hajaigusa. Ya pili hajaigusa. Nimekuja kusoma baadae kwamba kwenye hilo swali jibu lolote zaidi ya 0 mtaalam hatakiwi kulipita, anatakiwa akuulize wazi wazi unawaza nini, umepanga chochote, nyumbani uko na nani. Mimi sikuulizwa hata moja.

Nitasema haki, sesheni ya pili ilinisaidia. Alinipa zoezi la kuandika kila jioni lile wazo linalonijia hafu pembeni naandika ushahidi wake, na wazo langu lilikua moja tu, ningewahi hospitali siku ile mtoto asingekufa. Nimeandika daftari limefika nusu. Ndo maana nliendelea kumwamini, ndo maana inaniuma hivi.

Sesheni ya 3 akaipokelea kwenye gari, yuko kwenye foleni, anaongea na mimi macho yapo barabarani, bodaboda zinapiga honi, anasema "endelea dada nakusikiliza". Nikanyamaza, nikajiambia ana dharura. Sesheni ya 5 iliangukia Jumatatu tarehe 13 Mei, ile intaneti ilivyoenda chini nchi nzima baada ya nyaya za baharini EASSy na Seacom kukatika Jumapili yake. Hilo silaumu mtu, hata benki zilihangaika. Ila wao wakaihesabu kuwa nimeitumia! Wanasema mteja hakuingia kwa wakati. Niingie wapi?

Hayo yote ningeyasamehe. Nlichoshindwa ni tarehe 20.

Siku hiyo nilijikaza nikaamua mwenyewe kulisema lile la swali la 9, kwa sababu niliona wiki zinaisha na yeye haulizi. Nikaanza kwa kumwambia usiku nakaa jikoni, nawaza nini. Niko katikati ya sentensi, nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, anauliza, "Huyo ndo yule wa mtoto?"

Wakuu, soma hilo neno tena. YULE wa mtoto. Maana yake hakuingia chumbani kwa bahati mbaya. Anajua kuna yule wa mtoto, ameshaambiwa, stori yangu imeshaongelewa hapo nyumbani, labda wakiwa mezani wanakula. Jamaa akazima maiki, nikamwona anageuza shingo midomo inacheza, sekunde kama 10, akarudi akasema samahani kelele kidogo, endelea. Endelea na nini? Nilikata simu nikakaa kwenye lile gari mpaka giza likaingia.

Nikawaandikia ofisini kwao usiku ule ule. Wamejibu siku ya 4. "Pole kwa changamoto ya mtandao uliyopitia, tunakupa sesheni moja bure na mtaalam wako." Changamoto ya mtandao! Na wananirudisha kwa mtu yule yule! Nimepiga simu, dada wa huduma kwa wateja anasema hilo ni suala la mtaalam binafsi, wao ni jukwaa tu la kuwakutanisha. Nimemtumia mtaalam mwenyewe meseji, tiki 2 za bluu, kimya mpaka leo.

Nimeanza kuisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, habari za afya ya mtu zimewekwa kwenye taarifa nyeti, na Tume yenyewe ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Rais kaizindua Aprili 2024, mwezi ule ule mi nlioanza kumwaga maisha yangu kwa hawa watu. Kwa hiyo naomba aliyewahi kupeleka malalamiko pale anielekeze, unaanzia wapi, wanataka ushahidi gani, maana sikurekodi. Nina meseji zao na risiti ya malipo tu. Na je huyu mtu kama ana leseni ya kutoa hii huduma anawajibika kwa nani?

Kwa mnaotaka kuniuliza hali yangu, dada yangu mkubwa nimemwambia yote, amekuja kukaa na mimi, na wiki iliyopita alinishika mkono tukaenda hospitali ya rufaa, kwenye benchi lile lile nililokua naliogopa. Nesi alifunga mlango kabla hajaniuliza hata jina.

Hela wanirudishie, laki 1 na elfu 10 ya sesheni 2, sina mjadala. Ila kinachoninyima usingizi sa hivi sio hela. Nataka kujua yule mwanamke ni nani, anakaa wapi, na ameshamwambia nani. Nikipanda daladala naangalia sura za wanawake nikijiuliza kama ni yeye.