Wakuu, naenda kwenye onyesho la wapenda sauti safi hapa Dodoma kwa mara ya kwanza, nijiandae vipi?

Nkuhungu_Msikivu

Habari za jioni wakuu.

Jumamosi ijayo kuna mkusanyiko wa wapenzi wa muziki safi, ukumbi mmoja maeneo ya Area D. Hakuna kampuni nyuma yake, ni watu wenyewe tu. Wengine wanatoka Morogoro, Singida na Iringa, kila mtu anabeba amplifaya yake, spika zake na santuri zake, wanafunga vyombo, mnakaa kusikiliza toka asubuhi hadi jioni. Jamaa ninayefanya naye kazi ndiye kanialika.

Muziki naupenda toka utotoni Mpwapwa. Mzee alikuwa na redio ya kaseti juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto haruhusiwi kuigusa. Sasa na mimi nimejikusanyia laki sita za spika. Mwezi uliopita nilinunua amplifaya ya mtumba ya Kijapani, dukani niliisikia ikapiga vizuri sana, ila nyumbani sijaiwasha bado maana spika sina.

Naomba muongozo. Niende nayo nikaisikie kwenye spika za wenzangu? Na nikikaa pale nisikilize nini hasa? Kwangu mimi kila kitu kikifunguliwa sauti kinanifurahisha. Halafu nikikuta spika inauzwa, nichukue siku hiyohiyo? Sebule yangu ni mita 4 kwa 3, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu.

Natanguliza shukrani.

FundiWaMajengo

Mkuu, kabla ya yote geuza hiyo amplifaya nyuma, usome kibandiko karibu na waya wa umeme unapotokea. Andika hapa kilichoandikwa, neno kwa neno. Usiichomeke popote mpaka nikujibu.

Alto_Kikuyu

Kaka nenda, utafurahi. Mwaka jana nilikwenda nikidhani nitakuwa mwanamke peke yangu, tukawa wanne, na walitupokea vizuri sana.

Nikushauri jambo moja lililonisaidia. Mimi naimba alto kwenye kwaya ya parokia. Nilibeba rekodi yetu wenyewe kwenye flashi. Sauti ya yule dada anayesimama kushoto kwangu naijua kuliko ninavyoijua ya redioni, kila wiki nasimama naye bega kwa bega. Spika ya kwanza ilimfanya aimbe kama ana mafua. Ya pili ilimleta mwenyewe, mpaka ile pumzi anayoivuta kabla ya kiitikio. Hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza ipi nzuri. Beba sauti ya mtu unayemjua, hata kama ni ya simu.

Kizota_Santuri

Dada hapo juu amesema kitu kikubwa, nami naongezea.

Beba nyimbo tatu unazozijua kwa moyo, usitegemee watakazokupigia. Mwenye vyombo atakuchagulia ule wimbo unaozipendeza spika zake, ndivyo binadamu alivyo. Mimi popote naenda na rekodi ya ilimba, ala yetu ya sanduku yenye vyuma vya kudunda kwa vidole gumba. Wagogo wenzangu mnaijua: lile sanduku lina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na huo utando ndio unaotoa mvumo unaotetemeka juu ya kila noti. Rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mpiga ilimba wetu aliyetutoka 2003, zinapatikana. Spika mbovu inaumeza ule mvumo, au inaugeuza mkwaruzo mpaka unadhani koni imepasuka. Spika nzuri inakupa vitu viwili mbalimbali: chuma kinachodundwa na kidole gumba, na utando unaojibu nyuma yake. Nimepima spika nyingi kwa namna hiyo na haijawahi kunidanganya.

Sasa kuhusu hiyo "kila kitu kikifunguliwa sauti". Hapo ndipo wengi tunaliwa hela. Spika mbili zikipigwa, moja ikiwa juu kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1 au 2 tu, sikio litakwambia hiyo ndiyo bora, na hutagundua kwamba tofauti ni sauti kuwa juu kidogo. Omba kwa heshima ipunguzwe mpaka muweze kuongea bila kupaza sauti. Kitu kizuri kikipunguzwa bado kina besi na bado unasikia maneno. Kibovu kinabaki kelele nyembamba.

Na tunza masikio yako. Weka programu ya kupima desibeli kwenye simu. Kwenye 85 wataalamu wanaruhusu saa 8, na kila inapopanda 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 94 una saa moja tu. Toka nje upumzike, chai itakuwepo.

Ukikaa, kaa katikati, umbali wako na kila spika ulingane na umbali wa spika na spika. Ukiwa pembeni utasikia upande mmoja halafu uilaumu mashine ya watu bure. Usiguse kitufe chochote bila ruhusa, na wimbo ukiwa unapigwa tunanyamaza.

Mwenye kubeba santuri abebe na brashi laini. Kiangazi chetu hiki hewa ni kavu, santuri inashika chaji ya umeme tuli ikitoka tu kwenye jaketi lake, na vumbi la Dodoma linaifuata.

Mdau_Ipagala

Mimi natofautiana na wakuu. Ukipenda spika, nunua palepale. Ukisema utarudi, mwenzako keshaondoka nayo. Bei ya mpenzi kwa mpenzi huipati dukani.

Kizota_Santuri

Mdau, bei nakubaliana nawe. Ila ule ukumbi ni mkubwa, na yeye kasema sebule ni mita 4 kwa 3, vigae chini. Urefu wa mita 4 unavimbisha besi ya kwenye Hz 43 hivi (mitetemo 43 kwa sekunde), hiyo ni hesabu ya mwendo wa sauti na ukuta, hata spika ya mamilioni haikwepi. Lile spika kubwa litakalomfurahisha ukumbini litamtoa sebuleni kwake. Aombe kuazima siku mbili. Watu wa pale wanaazimana.

Nkuhungu_Msikivu

Asanteni sana wakuu, naandika yote kwenye daftari.

Fundi, nimegeuza. Imeandikwa AC 100V 50/60Hz 120W. Kwenye matundu ya spika imeandikwa 6–16 Ω. Dukani walikuwa wameichomeka kwenye kiboksi cha chuma kizito, nikadhani ni ekstensheni.

FundiWaMajengo

Ndicho nilichohofia. Japani umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Hicho kiboksi ni transfoma ya kushusha umeme, na walipaswa kukwambia. Ungeichomeka ukutani Jumamosi, kwa bahati fyuzi ingekata. Bahati isipokuwepo, transfoma ya ndani inaungua na kapasita zinapasuka. Mwaka 2014 niliichoma ya mteja namna hiyohiyo kwa kutosoma kibandiko, nikailipa kwa hela yangu.

Tafuta transfoma ya wati 300, usichukue ya 150 kwa kuwa amplifaya inasema 120, itakuwa inachemka kila siku. Na angalia inatoa volti ngapi: nyingi zinatoa 110, wewe unataka 100. Kwa 110 itapiga, lakini joto litazidi na maisha yake yatapungua.

Spika ziwe omu 6 kwenda juu (omu ndiyo hiyo alama Ω, kipimo cha ukinzani wa spika). Za omu 4 hata ukipewa bure usifunge.

Kama ukipenda, Jumamosi nitakuja na transfoma yangu uitumie.

Nkuhungu_Msikivu

Wakuu nimerudi, leo Jumatatu.

Fundi Mungu akubariki, amplifaya ilipiga masaa mawili na ukiigusa juu ilikuwa vuguvugu tu. Nilibeba ilimba. Jozi ya kwanza ilikuwa spika ndefu za kunifika kiunoni, besi ilitikisa kiti, ila mvumo wa utando sikuusikia kabisa. Nikahamia kwa mzee mmoja wa Singida mwenye vispika vidogo vya kuwekwa juu ya stuli, sauti kaiteremsha mpaka nasikia watu wanaongea nje. Noti ikapigwa, halafu ule mtetemo ukaja nyuma yake, peke yake. Nikamwomba arudie mara tatu.

Sikununua. Kaniazima. Nyumbani vilianza kuvuma vibaya, nikavisogeza mbele mkono mmoja kutoka ukutani na kutandika mkeka na blanketi katikati, vikatulia. Mke wangu kakaa anasikiliza mpaka saa tano usiku.

Kesho namfuata mzee na hela yake kabla hajapanda basi. Fundi, nyuma pameandikwa 6 Ω. Nipo salama?

FundiWaMajengo

Upo salama. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na uifunge ikiwa imezimwa.