Kwenda kununua vitu vya sikukuu na mzee aliyeanza kusahau: tupeane uzoefu

BintiTabata: Wakuu, Krismasi hiyo inakaribia na mama ameshaanza kuulizia safari ya Kariakoo, anataka vitenge vya wajukuu. Daktari amesema ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Nyumbani anapika, anasali, anajua wewe ni mtoto wa nani. Dukani ndiko mambo yanakobadilika. Juzi katajiwa bei, akatoa noti, akazitazama, akazirudisha kwenye pochi, akaanza kutafuta noti ya mia tano. Sarafu yake imeingia tangu 2014, yeye anaitaka ile ya karatasi. Kijana wa duka akaguna, waliokuwa nyuma wakaanza kusonya. Mama yangu huyu aliyetusomesha kwa kuuza mchele akanikabidhi pochi nzima bila kunitazama usoni. Nimeumia mno. Wenye wazazi wa hivi mnafanyaje?

Kipanga_Mbezi: Pole sana dada. Hapo kwenye pochi umenigusa.

MzeeKijana: Acha kumpeleka. Kariakoo ya Desemba inawachanganya hata wazima. Nunua wewe, achagulie nyumbani.

Mama_Pacha: Sikubaliani. Ukishamfungia ndani ndiyo anaisha haraka. Bi mkubwa wangu nakwenda naye katikati ya wiki, asubuhi, maduka yakifunguliwa tu, kwa mama mmoja anayemfahamu. Hesabu tunaifanya nyumbani, nampa noti za elfu moja moja na elfu mbili mbili, analipa mwenyewe. Jioni anawasimulia majirani alivyopunguziwa bei.

Pwani_Asilia: Huku Mombasa baba alikuwa akificha pesa za Idi kwenye mfuko wa koti. Tulipokwenda kununua kanzu akatoa bunda la noti za elfu za zamani, zile zilizokoma kutumika tarehe 30 Septemba 2019. Mwenye duka akazipokea kwa mikono miwili, akamwambia, "Mzee wangu, hizi niwekee, leo acha mtoto alipe." Baba akatoka pale kifua mbele. Mola amlipe yule bwana.

Kipanga_Mbezi: Amina.

Nyundo: Niseme ukweli. Mtu mzima hasahau hela hivihivi. Angalieni mali na majirani.

Nesi_Mstaafu: Nyundo, maneno hayo ndiyo yanafanya watu waletwe hospitali wamechelewa. Kusahau kuna vyanzo vingi: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, maambukizi ya njia ya mkojo, hata dawa anazokunywa kila siku. Vingine vinatibika. Mtu apimwe kwanza.

Nyundo: Sijasema aende kwa mganga. Nimesema waangalie.

Nesi_Mstaafu: Waangalie nini? Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa "kuangaliwa" huko.

MzeeKijana: Turudi kwenye mada jamani.

Mjukuu_wa_Kota: Uzi huu umenirudisha mbali. Ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani, Mtaa wa Kongo, tumekwenda kumnunulia babu kofia ya Idi. Nimemshika mkono. Likaja guta limejaa marobota, mwenye guta anapiga kelele "pisha, pisha!", likapita katikati yetu, mikono ikaachana. Lilipomalizika kupita, babu hayupo. Mnaujua ule mtaa siku hizo: kila duka na spika yake inatangaza bei, ukiita haisikiki. Kanzu nyeupe kila mahali. Nikazunguka hadi Msimbazi, nikaenda polisi, nikaingia msikitini wakamtangaza. Magharibi ikaadhiniwa, watu wanafuturu kando ya barabara, mtu akanipa tende, nikatembea nayo mkononi hata kuila siwezi.

Saa mbili usiku simu ikaita. Bodaboda. Kamkuta babu Magomeni, anawauliza walinzi nyumba yake imepelekwa wapi. Alivuka Jangwani kwa miguu akarudi Kota, alikoishi ujanani. Zile nyumba zilishavunjwa, siku hizi ni maghorofa, na yeye kasimama pale anatafuta mlango wake. Shangazi alikuwa amemshonea namba ya simu kwa ndani ya ukosi wa kanzu, bodaboda akaiona. Na kofia babu alikuwa keshainunua mwenyewe, inamkaa sawasawa.

Kipanga_Mbezi: Nimelia niko ofisini.

BintiTabata: Mungu mkubwa. Huyo bodaboda mlimpa nini?

Mjukuu_wa_Kota: Hela alikataa. Idi alikula kwetu yeye na mkewe.

MzeeKijana: Sasa mnaona? Ndiyo maana nikasema wasiende.

Mama_Pacha: Sisi tunaona namba ya simu kwenye ukosi. Leo leo nashona.

Pwani_Asilia: Peni ya kuandikia nguo za shule yatosha, haifutiki ukifua.

Chausiku_D: Na simu je? Msimu huu matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawalali. Mama yangu katuma hela yote ya nguo za watoto. Laini ya pesa nakaa nayo mimi.

Mama_Pacha: Ukimnyang'anya laini atajiona mtoto. Mwachie kiasi kidogo, kingine kikae kwako.

Chausiku_D: Kidogo hicho hicho ananunulia sukari. Kila akipita dukani sukari. Stoo imejaa, tufungue duka sasa.

Nesi_Mstaafu: Ongea na mwenye duka, sukari irudi jioni kimyakimya. Usimkosoe mbele ya watu, kinachowaumiza zaidi ni aibu.

BintiTabata: Asanteni sana. Nitaenda naye asubuhi. Mama Pacha, huyo mama wa vitenge yuko mtaa gani?

Mama_Pacha: Nimekutumia pembeni. Mpigie kabla hamjafika, anamwekea mzee kiti.

Nyundo: Nesi, samahani kwa yaliyopita. Hicho kipimo cha B12 kinapatikana wapi? Mama mdogo ana hali hiyo tangu mwaka jana.

Nesi_Mstaafu: Yamekwisha mwanangu. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, watakuelekeza. Dawa zote anazokunywa, hata za mitishamba, ziweke kwenye mfuko mmoja uende nazo.